Magunia Saba ya Kadii wa Adu

Wako watoto wanaozaliwa wakilia. Kadii alizaliwa akigomba, na tangu siku hiyo hakupata sababu ya kuacha. Ukipita Adu, huko bara ya Malindi ambako barabara huchoka kabla ya msafiri, ukauliza nyumba ya Kadii, watu hawatakunyooshea kidole. Watakwambia simama usikilize. Sauti ikikufikia, ifuate.

Usipoamini, muulize Kaingu, kaka wa marehemu mumewe. Mume alipofariki, Kaingu alikuja kumrithi mjane kama desturi yao ilivyokuwa. Alikuja amejipaka mafuta mpaka masikioni, kibuyu cha mnazi mkononi. Kadii akampa kiti, akaupokea mnazi, akaunywa wote taratibu mbele ya macho yake, kisha akajifuta mdomo.

"Shemeji," akasema, "mnazi wako mtamu. Sasa wewe mwenyewe, utamu wako uko wapi?"

Kaingu alirudi kwake na kibuyu kinachovuma upepo. Baadaye alipewa uzee wa mtaa, akapata fimbo, kofia na haki ya kusema kwanza barazani, lakini haki ya kusema mwisho ilibaki kwa Kadii na hakuna serikali iliyoweza kumnyang'anya. Nimewaona wagomvi wengi katika pwani hii, na mimi mwenyewe si haba, lakini huyu nilimvulia kofia.

Alibaki na shamba lake la ekari mbili na ushei, na mwana mmoja, Kazungu, aliyekuwa akifua mashuka ya watalii katika hoteli moja Malindi. Kwa ajili ya mwana huyo majirani walimwita Mekazungu, yaani mamake Kazungu. Alilima mwenyewe, akapalilia mwenyewe, na alipomaliza kupalilia alikwenda kuyakosoa mashamba ya wengine bila malipo.

Basi ukaja mwaka wa themanini na nne. Mvua ya masika ilifika Adu kama mtu aliyekosea nyumba: ikabisha hodi, ikachungulia, ikaenda zake. Mahindi yalitoa ndevu yangali kimo cha goti, kama vijana wanaozeeka kabla ya kuoa. Ndipo alipotokea Laban na baiskeli.

Laban alikuwa mpimaji wa mavuno. Kwao Ukambani, lakini alikulia Malindi ambako babake alifanya kazi kwenye kinu cha pamba. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye masharubu membamba na adabu nyingi, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza. Kwenye baiskeli alibeba kamba, vigingi vinne, mizani ya kuning'iniza na kadi moja kutoka ofisini.

Sasa kazi yake isikutishe, mimi nitakueleza vizuri kuliko walivyomweleza yeye. Serikali ilitaka kujua wilaya imevuna nini, na wilaya nzima haipimiki, wapimaji wangezeeka njiani. Kwa hiyo huchaguliwa mashamba machache kwa kura, hayo yakapimwa, nayo yakawasemea mengine yote. Wao huita sampuli. Mnunuzi wa korosho hufanya hivyo hivyo: hamwagi gunia zima, huchoma mkono mahali pamoja, akatoa kiganja, akataja bei. Mkono ukiangukia penye korosho nzuri, muuzaji anacheka. Ukiangukia penye mbovu, ugomvi. Basi kwa Adu nzima, na vichaka vyake, na watu wake waliotawanyika kama mbuzi wasio na mchungaji, mkono wa ofisi ulichomwa mahali pamoja tu. Shamba la Kadii.

"Langu?" Kadii akauliza. "Katika mashamba yote haya?"

"Lako, mama. Kura ndiyo iliyoangukia."

"Kura ina macho," akasema Kadii, akajifunga leso upya.

Kadi ya Laban ilisema aanzie pembe ya shamba, ahesabu hatua kadhaa ukingoni, kisha aingie ndani hatua kadhaa, na pale mguu utakapokoma ndipo achomeke kigingi cha kwanza. Asichague. Mguu uchague. Laban akahesabu kwa sauti, Kadii nyuma yake akihesabu naye asije akaibiwa hatua. Mguu ukakoma mahali palipokuwa na mabua matatu, moja limekufa likiwa limesimama, na mjusi akiota jua katikati kama mwenye hatimiliki.

"Ni hapa," Laban akasema. "Mita tano kwa tano."

Kadii akamtazama, akamtazama na mjusi. "Mwanangu, umetoka Malindi na baiskeli. Umekunywa maji yangu. Halafu nikupimishe mjusi?"

"Kadi ndivyo isemavyo, mama."

"Kadi haikunywa maji yangu."

Laban alieleza, na Kadii alimsikiliza kama watu wanavyosikiliza mvua ya mbali. Kwao mgeni hapelekwi penye aibu ya nyumba. Mgeni hupewa kiti kizima, hata kama wenyeji watakalia kinu. Huonyeshwa mbuzi aliyenona na kuozeshwa binti aliye mzuri. Na mahali pazuri palikuwapo: nyuma ya nyumba, katika zizi la zamani ambamo marehemu mumewe alifuga mbuzi mpaka mbuzi wakaisha mazishini kwake. Miaka ya samadi ilikuwa imelala pale. Mahindi ya zizini yalimzidi mtu kimo, meusi kwa ubichi, yakipiga kelele kila upepo ukipita.

"Hayo ndiyo mahindi yangu," akasema Kadii. "Yale mengine ni bahati mbaya."

Laban akakataa. Kadii hakubishana, na hapo ndipo Laban alipopaswa kuogopa. Alimwekea mkeka, akamletea ugali na mchicha, na juu ya mchicha yai la kukaanga, yai la pekee lililokuwa mle nyumbani. Laban alipomaliza kunawa mikono, vigingi vyake vinne vilikuwa vimehamia zizini, na kamba imekwisha kuvutwa imenyooka barabara.

Akavitazama vigingi. Akamtazama Kadii. Wewe unayecheka, hebu niambie: na yai la mwanamke yule tumboni, ungemwambia nini? Laban akakata mahindi ya zizini, akayapima, mizani ikashuka kwa heshima. Kadii akamsindikiza mpaka njiani, na jioni ile akamwambia kila aliyekuja kuomba moto kwamba Adu imepimwa na Adu haikujiaibisha.

Hodi ya pili ilikuja mwezi wa Septemba, na hii haikuwa ya mpimaji. Kaingu aliita baraza. Watu walikuja haraka, maana ilisikika kwamba kamati ya wilaya itagawa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo, na mbegu za kupanda mvua ya vuli. Adu haikuwa na mbegu. Walikuwa wameshazila.

Kaingu akasimama, akakohoa kikohozi cha uzee wa mtaa. "Nimetoka Malindi. Orodha imetengenezwa. Ijumaa ijayo kamati itaipitisha, na Adu haimo."

"Haimo vipi?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Haimo," Kaingu akaendelea, na sasa alikuwa akila kila neno, "kwa sababu Adu imevuna magunia saba kwa ekari. Saba! Sabaki wanaolima kwenye tope la mto wamevuna saba na nusu. Sisi, ndugu zangu, ni matajiri. Mshukuruni Mekazungu aliyemlisha mpimaji mayai."

Vichwa vyote vikageuka. Mwambire, jirani wa Kadii wa mpaka kwa mpaka, mtu mpole mwenye watoto wengi, alisema polepole: "Mekazungu, kwangu halikutoka hata gunia moja. Wanangu wanakula mizizi. Saba hizo amezivuna nani?"

Mtu mwingine angelia. Mwingine angesema nisameheni. Kadii alisikia maneno ya Mwambire yakimwingia mahali ambapo maneno ya Kaingu hayajawahi kufika, lakini kichwa chake hakikushuka hata kidogo.

"Mnaniangalia mimi?" akasema. "Iangalieni hiyo nambari. Imeandikwa na mtu, na mtu huyo ana ofisi, na ofisi ina mlango. Ijumaa haijafika bado."

"Utaifanya nini nambari ya serikali?" akauliza Kaingu.

"Nitaing'oa. Haina mizizi."

Alfajiri alipanda lori la makaa, akafika Malindi mweusi mpaka viwikoni. Mlangoni pa ofisi alikuwapo Faki, tarishi mzee wa mjini mwenye kofia ya kitambaa iliyopigwa pasi.

"Shikamoo," akasema Kadii.

"Marahaba. Wamtaka nani, mama?"

"Namtaka mwenye nambari."

"Mwenye nambari yumo, lakini ana wageni. Tafadhali keti."

"Mwambie kuna mgeni mwingine, na huyu haketi."

Faki alimpima kwa macho, akaona umri wake hauruhusu vita ile, akafungua mlango.

Mwenye nambari aliitwa Bwana Thuku. Alikuwa mtu mwembamba, macho mekundu kwa kusoma, na mezani kwake palikuwa na karatasi nyingi kuliko chai. Wageni wake walikuwa Laban na kikombe. Laban alipomwona Kadii, alikiweka kikombe mezani.

Kadii alisema aliyokuja kusema, na alisema yote isipokuwa habari ya vigingi. Thuku hakumkatiza. Alipomaliza, Thuku akavua miwani.

"Mama, hesabu hii ni dhaifu. Najua. Shamba moja kwa Adu yote ni kama kuisikiliza sherehe kupitia tundu la ufunguo. Kwa kuwa shamba moja laweza kupotoka, tumeliegemeza kwa jirani. Lako lilitoa saba, nikaliweka kando ya yale ya Sabaki, yakakaribiana, basi nikaiacha saba isimame."

"Umetuegemeza kwa Sabaki?"

"Ndio wa karibu waliopimwa."

"Sabaki wana mto, bwana. Sisi tuna vumbi. Ukiwanywesha Adu mto wa Sabaki kwa kalamu, nani anashiba?"

Thuku akacheka bila kutaka. "Sasa niandike ngapi?"

"Andika moja."

"Na kesho aje mtu wa Sabaki aniambie niandike moja. Keshokutwa wa Takaungu. Nambari haibadiliki kwa kelele, mama. Ingebadilika kwa kelele, wewe ungekuwa umeshashinda."

"Hubadilika kwa nini?"

"Kwa kupima zaidi. Na mahindi yameshavunwa, petroli sina, na mpimaji wangu ni huyu na baiskeli yake." Akafikiri. "Lakini nikipata kitu kimoja kinachojulikana kwa kila nyumba ya Adu, hata kama si kipimo kamili cha shamba, ningekilinganisha na kile kipimo kimoja nilicho nacho. Hapo ningekuwa na pa kusimama mbele ya kamati. Kila nyumba, lakini. Si marafiki zako tu."

Kadii akakaa kitini kwa mara ya kwanza. Kila nyumba. Akaona akilini nyumba zote za Adu, moja moja, na ndani ya kila moja moshi unapanda.

"Uchaga," akasema.

"Uchaga?"

"Dari ya miti juu ya meko. Mahindi yote hukaa juu pale, moshi uyalinde na fukusi. Kilichovunwa ndicho kilichopo, na hakuna pengine."

"Vizuri sana! Laban akapande aangalie."

Kadii alicheka mpaka Faki akachungulia. "Laban apande uchaga wa mke wa mtu? Bwana, mume mwenyewe hapandi!"

Na ni kweli, usidhani alitia chumvi. Uchaga ni wa mke. Mume huomba chakula, hakichukui. Jirani haulizi umebakiwa na nini, na mke hasemi, kwa kuwa uchaga mtupu ukijulikana ni kama mwanamke amevuliwa leso sokoni. Watu wa kule wangekuonyesha kidonda, deni na mwana mwizi kabla ya kukuonyesha uchaga. Thuku hakulijua hilo. Laban alilijua, akawa anakitazama kikombe chake.

"Basi haiwezekani," Thuku akasema.

"Nani kasema?" Kadii akainuka. "Laban, lete mizani yako Jumatano. Hutapanda popote. Mahindi yatashuka yenyewe."

Jumatano asubuhi Kadii alipanda uchaga wake. Alishusha kila hindi, yale ya zizini na yale ya mjusi, akayatia katika kapu moja. Moja tu, nalo halikujaa. Akalibeba kichwani wazi, bila kulifunika na leso, akapita nalo katikati ya Adu polepole kama bibi harusi, mpaka kwenye kiwanja cha baraza ambako Laban alikuwa ametundika mizani kwenye mwarobaini. Akatandika mkeka, akamwaga.

Wanawake walikuwa wamemfuata kwa mbali, mikono vinywani.

"Mekazungu, una wazimu?" mmoja akasema.

"Ninayo njaa, wazimu bado. Haya, huo ndio uchaga wangu. Mimi niliyevuna magunia saba! Anayetaka kucheka acheke, lakini kwanza alete wake tulinganishe."

Kaingu akafika akipepesuka na fimbo. "Ni fedheha gani hii? Mtaanika njaa yetu mbele ya watu wa ofisi? Hakuna mwanamke atakayeshusha kitu hapa!"

"Shemeji, mke wako anakusikia. Mimi masikio yangu yana kazi." Kadii akawageukia wanawake. "Sikilizeni. Mkificha, Ijumaa sisi ni matajiri. Mtazilinda chaga tupu zenu mpaka watoto waishe, na hakuna atakayejua, na sifa yenu itabaki safi kabisa. Mnataka hivyo?"

Mke wa Mwambire, ambaye katika ndoa yake yote hakuwahi kuinua sauti, akaondoka bila neno. Alirudi na ungo. Ungo, si kapu. Akaumwaga kando ya rundo la Kadii, akasimama pale amekaza taya, akiwatazama wenzake kama anayesema nani ananicheka. Hakuna aliyecheka. Wengine wakaondoka wawili, kisha watano, na jua lilipopanda kiwanja kilikuwa kimejaa makapu.

Sasa ngoja nikwambie jinsi watu walivyo. Kwanza waliona haya kwa kuwa na kidogo. Baada ya muda kidogo wakaanza kushindana nani ana kidogo zaidi! Mmoja alileta magunzi mawili yenye punje za kuhesabika, akalia machozi makubwa kuliko punje. Kadii alimjua. Alimsogelea.

"Dada, rudi ukalete yote."

"Ndiyo yote hayo, Mekazungu. Wallahi."

"Juzi nilisikia kinu chako. Hakikuwa kikitwanga upepo. Nenda kalete. Ukisema huna kabisa, na yule akisema hana kabisa, Bwana Thuku atajua Adu inamdanganya, na nambari ya uongo wa chini itatupwa kama ile ya uongo wa juu. Nataka ile itakayosimama ikipigwa."

Mwanamke akanuna, akaenda, akaleta kapu. Kisha Kadii akasema neno lililowafanya wote wageuke.

"Na wa Kaingu?"

Kila mtu alijua. Kaingu alikuwa na bonde dogo lenye unyevu, na uchaga wa mkewe ulikuwa ukilalama kwa uzito.

"Wangu wa nini?" Kaingu akafoka. "Hamtafuti njaa ninyi? Mimi sina njaa. Nitawaharibia hesabu yenu."

Hata Mwambire akamnong'oneza Kadii: "Mwache huyo, Mekazungu. Mahindi yake yatapandisha nambari."

"Yapandishe. Bwana yule alisema kila nyumba. Tukimwacha mwenye kushiba kwa kuwa ameshiba, tumefanya nini tofauti na mimi nilipomwacha mjusi?" Akamgeukia mke wa Kaingu. "Dada, ni uchaga wako, si wake. Wasemaje?"

Mke wa Kaingu alimtazama mumewe, akaitazama fimbo, akalitazama rundo la mke wa Mwambire. Akaenda zake nyumbani. Alishusha makapu sita, akasaidiwa kuyabeba na wanawake waliokuwa hawajawahi kukanyaga kwake. Laban alipima mpaka mkono ukamfa ganzi, na kila nyumba akaiuliza kama ina zizi la zamani lililolimwa.

Ijumaa kamati ilikaa Malindi, mabwana wanane na mwenyekiti mwenye sauti ya kanisani. Kadii aliingia na Mwambire. Hakualikwa, lakini Faki mlangoni alisema hakumwona akipita, na Faki ni Mwislamu mzuri, sharti tumwamini.

Thuku alisimama akaeleza. Kwa chaga zote za Adu zilizopimwa, hata ukiongeza kilichokwisha kuliwa, mavuno hayafiki magunia mawili kwa ekari. Mwenyekiti akainua kidole.

"Lakini shamba lililopimwa na serikali lilitoa saba. Kipi cha kuaminiwa? Chaga za akina mama au kamba ya serikali?"

Thuku akamgeukia Kadii. Alikuwa ameshaona kapu lake dogo katika hesabu, na alikuwa hajamuuliza. "Mama, kamba ile ilikaa wapi hasa?"

Laban, aliyeketi nyuma, alifumba macho.

"Ilikaa zizini," Kadii akasema kwa sauti iliyotosha kusikika barabarani. "Kadi ilimpeleka kwenye mjusi. Mimi nikang'oa vigingi nikavipeleka zizini alipokuwa akila. Msimguse huyo Laban, alikuwa na ugali mdomoni."

Chumba kikavuma. Mwenyekiti akagonga meza. "Kumbe! Kwa hiyo uliidanganya serikali."

"Sikumdanganya mtu. Nilimkaribisha mgeni."

"Uliharibu kipimo! Mama, utaomba radhi mbele ya kamati hii, iandikwe, ndipo tutazame kama kipimo kile kitafutwa."

Mwambire akamvuta leso chini ya meza. Omba, macho yake yalisema, ni neno tu. Na Kadii alijua ni neno tu. Alijua pia kwamba nyuma ya neno lile kuna chakula cha Adu yote. Akalitafuta kinywani, akalipata, na halikukubali kutoka.

"Bwana mwenyekiti," akasema, "nikipiga magoti, mahindi ya Mwambire yataongezeka? Yatapungua? Mimi nina uchaga mtupu na nimeutembeza mchana watu wote wakiona. Mnataka nini tena kutoka kwangu? Nambari ni mbaya nikiomba radhi, na ni mbaya nisipoomba."

"Basi kipimo kitabaki!" mwenyekiti akasema.

"Kibaki," akasema Thuku.

Wote wakamtazama, na Kadii akamtazama kuliko wote.

"Kibaki," akarudia, akiifuta miwani yake. "Kipimo kile hakikusema uongo. Ni kipimo kizuri cha zizi la mbuzi. Kosa ni kukifanya kiwasemee watu wasio na zizi. Wakati wa kupima chaga, Laban aliuliza kila nyumba kama ina zizi la zamani lililolimwa. Ni nyumba chache mno. Nikiyahesabu magunia saba kwa ardhi ya mazizi peke yake, na ardhi iliyobaki nikaiachia inachosema chaga, sihitaji kufuta kitu wala kumwegemeza mtu kwa Sabaki. Adu ina magunia mawili kasorobo. Hiyo ndiyo nambari yangu, na nitaitia sahihi. Radhi si kazi ya idara yangu."

Mabwana wakanong'onezana. Mmoja akauliza mbegu zilizobaki ghalani ni ngapi. Mwingine akauliza saa ya chakula. Mwenyekiti alitazama pande zote akitafuta wa kumuunga mkono, akaona watu wanataka kula. Adu ikaandikwa: mahindi ya njano na mbegu, kwa kadiri ya nambari mpya.

"Angalau sema asante, mama," mwenyekiti akasema kwa uchungu.

"Nitaisema mahindi yakishuka Adu. Nimeshaona vitu vingi vilivyoandikwa."

Hakurudi nyumbani. Alimtuma Mwambire akawaambie watu watayarishe majembe, yeye akaenda kukaa kwenye kizingiti cha ghala, katikati kabisa, hata wapagazi wakawa wanamruka na magunia. Mwenye ghala alimwambia lori la Adu ni la wiki ijayo.

"Sawa," akasema Kadii, akanyoosha miguu. "Mimi pia ni wa wiki ijayo."

Alilala kwa mwanawe Kazungu na kila alfajiri alirudi kizingitini. Aliwaambia wapagazi jinsi ya kubeba gunia. Alimwambia mwenye ghala jinsi ya kufagia. Alimwambia dereva wa lori mambo kuhusu magurudumu yake ambayo hata fundi wake hakuwahi kuthubutu. Siku ya tatu mwenye ghala, macho yamemwingia ndani, aliita lori lililokuwa liende kwingine.

"Lipakieni hili," akasema. "La Adu. Leo. Sasa hivi. Na huyu mama apakiwe nalo."

Hakungoja kupakiwa. Alipanda mwenyewe juu ya magunia, akakaa juu ya yale ya mbegu, na lori lilipopita darajani Sabaki, penye mashamba ya kijani kando ya mto, alisimama wima, leso ikipepea, akayapigia mashamba yale kigelegele kirefu ambacho wakulima wa Sabaki mpaka leo hawajui kilikuwa pongezi au matusi.